Nilimnyima Kitabu Aliyekihitaji

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa mkutubi katika maktaba ya mkoa, na leo naungama: nimewakosea vijana. Sina wa kumsingizia. Niliamini kwamba kumlea kijana ni kumzuia, nikaitumia kaunta kama lango la kuzuia.

Shule zikifungwa alasiri, walikuja kwa makundi na sare zao, wamebeba madaftari na mitihani ya miaka iliyopita. Wengi walitoka nyumba za chumba kimoja, ambamo redio inalia, wadogo wanataka kuangaliwa na umeme ni wa mashaka. Kwetu kulikuwa na meza, taa na feni. Mimi niliona fujo tu. Wakijadiliana swali la hesabu, niliwanyamazisha. Wakirudia, niliwatoa nje. Aliyetaka uanachama nilimdai barua ya mkuu wa shule na mdhamini mwenye ajira, ilhali nilijua kabisa kwamba mtoto wa muuza mboga hana pa kumpata mdhamini wa namna hiyo. Aliyechelewesha kitabu nilimtoza faini. Mwanafunzi hana kipato, kwa hiyo wengine hawakurudi, na vitabu vikapotea nao.

Hata hivyo, kosa linaloniuma kuliko yote nilimtendea msichana wa kidato cha tatu. Alisogelea kaunta akasema kwa sauti ya chini, “Shikamoo mama. Naomba Rosa Mistika.” Kitabu kilikuwapo. Nilikuwa nimekitoa rafuni kwa mikono yangu na kukifungia kabatini ofisini. Nikamjibu, “Marahaba. Hicho si cha umri wako, mwanangu. Kasome vya shule.” Akasema, “Haya mama,” akaenda zake. Sikumwona tena.

Waliosoma riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, wanajua uzito wa jibu langu. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa kuwa ilisema waziwazi yanayowapata wasichana. Baadaye ikaja kusomeshwa sekondari. Ndani yake Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, akidhani hofu itamlinda. Rosa anaondoka kwao kwenda shule bila kufundishwa lolote kuhusu wanaume, na kutojua huko ndiko kunakomponza. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho na kumlilia Rosa. Kisha nikafanya yaleyale ya Zakaria.

Siwezi kusema sikufundishwa. Chuoni tulizisoma kanuni tano alizozitoa Ranganathan, mkutubi wa India, mwaka 1931. Mojawapo yasema kila msomaji ana kitabu chake. Ilani ya Maktaba za Umma ya mwaka 1994, ya UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, inapoorodhesha mambo yasiyopaswa kumnyima mtu huduma, inaanza na umri. Niliijua nikiwa nimekalia ufunguo wa kabati.

Tumeanza kurekebisha. Chumba kimoja sasa ni cha majadiliano, na humo vijana huzungumza bila kufokewa. Barua ya mwalimu yeyote inatosha kwa uanachama. Anayechelewesha kitabu hutusaidia kupanga rafu badala ya kulipa. Hata maktaba za umma za jiji la New York zilifuta faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2021. Na kabla ya kuagiza vitabu tunawauliza wanataka kusoma nini. Wametaja afya ya uzazi, ufundi simu, ufugaji wa kuku na riwaya za mapenzi. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuwauliza.

Rosa Mistika iko rafuni, na haikai sana kabla ya kuazimwa.

Wakutubi wenzangu, na walimu mnaoshika funguo za maktaba za shule, fungueni makabati. Kijana anayekuja mwenyewe kuomba kitabu amekwisha kujiuliza swali, na asipopata jibu kwetu atalitafuta kwa mtu asiyemtakia mema. Mpeni kitabu. Mkiwa na wasiwasi nacho, mwambieni akimaliza aje mkizungumzie, kisha tengeni muda wa kumsikiliza.