Baraza Niliyoivunja

Niliporithi nyumba ya marehemu baba nilivunja baraza ya mbele nikajenga duka la kupangisha, na makuti nikayaondoa nikaezeka mabati. Kodi naipata. Lakini adhuhuri ndani hakukaliki, na wazee waliokuwa wakipumzika pale baada ya sala ya alasiri sasa hunipa salamu tu, wakaenda zao.

Hayo yalinichoma niliposoma habari za Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri aliyefariki mwaka 1989. Katika miaka ya 1940 alianza kujenga kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor, kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Akawaleta waashi wa Kinubi, wajuzi wa kupindisha kuba pasi na kuiegemeza kwa mbao, maana mbao zilikuwa ghali. Akajenga na msikiti na soko. Wenyeji wengi walikataa kuhamia. Nyumba zao zilikuwa juu ya makaburi ya kale, na riziki yao ilikuwa humo. Kijiji hakikumalizika.

Wako wamchekao kwa hilo. Mimi sithubutu. Yeye watu hawakumjia. Mimi walikuwa mlangoni pangu, nikawaondoa. Mkataba wa mpangaji wangu unakwisha mwezi wa Shaabani, na fundi nimekwisha kumwita aje apime.