Mimea ya Madebe Wakati wa Kipupwe huko Kaloleni

Mwezi wa Juni ukiingia, mvua za masika zikiwa zimekwisha kukatika, anga la Nairobi hufunikwa na wingu la kijivu ambalo huweza kukaa siku nyingi bila kupasuka. Watu wa pwani huuita wakati huo kipupwe. Wenyeji wa Nairobi husema tu baridi ya Julai. Mji huo uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ingawa ni jirani wa mstari wa ikweta, usiku wa Julai joto hushuka mara kwa mara hadi nyuzi 11 au 12 za Selsiasi. Lakini maji hayagandi ndooni kama huko Ulaya, wala miti haibaki uchi. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba maua na mboga zao zaweza kutunzwa vilevile mwaka mzima, na hapo ndipo hasara huanza.

Mtaa wa Kaloleni ni mahali pafaapo sana kuyatazama mambo haya. Ulijengwa na Baraza la Mji katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika na jamaa zao, na waliouchora walifuata fikira ya miji ya bustani iliyoenezwa na Mwingereza Ebenezer Howard katika kitabu chake cha mwaka 1898. Ndiyo maana nyumba zake ni fupi, za mawe, nazo zimepangwa kuzunguka viwanja vya majani. Sehemu ya nafasi hiyo sasa imeliwa na vibanda vya mabati, hata bustani nyingi zimehamia katika madebe, mikebe ya rangi na mitungi ya plastiki iliyokatwa shingo. Mmea wa ardhini hujitafutia riziki kwa mizizi yake. Mmea wa debe hauna ila kile apewacho na mkono wa mwenyewe.

Mama mmoja wa mtaa huo, muuguzi mstaafu, alikuwa na asumini katika debe karibu na mlango wa jikoni. Kipandikizi chake kilitoka katika Kaloleni nyingine, ile ya Kilifi yenye minazi, uani kwa mama mkwe wake, nacho kililetwa na marehemu mumewe kwa basi, kimefungwa katika kitambaa kilicholowa. Ua ule wa Kilifi umekwisha kuuzwa, na mti wa kwanza haupo tena. Basi asumini ile ya debe ilikuwa ndiyo iliyobaki.

Katikati ya Julai majani yake yaligeuka manjano, yakalegea, yakaanza kuanguka. Mama akaona ni kiu, akaongeza maji. Kadiri alivyoongeza, ndivyo majani yalivyozidi kuanguka. Ikumbukwe pia kwamba mabomba ya Eastlands hayatoi maji kila siku. Siku yanapotoka, watu hujaza kila chombo kilichomo nyumbani, na mimea nayo humwagiwa kwa wingi kana kwamba yaweza kuweka akiba kama pipa.

Jirani yake, mzee aliyefanya kazi ya bustani miaka mingi, alipita akaliona debe.

"Mama, hebu acha kutia maji," akasema. "Tia kidole kwanza."

"Mzee, huoni majani yalivyolegea?"

"Nayaona. Mtu aliyezama majini naye hulegea."

Maneno ya mzee huyo yana elimu ndani yake. Mizizi huhitaji hewa kama ihitajivyo maji. Mwezi wa Februari, jua likiwa kali, maji yaliyotiwa asubuhi huvutwa na majani na mengine hukauka, na hewa hurudi katika udongo. Mwezi wa Julai jua ni haba, mmea karibu hauoti, na maji yaleyale hukaa debeni juma zima. Mizizi hukosa pumzi, ikaoza. Na mmea ambao mizizi yake imeoza hauwezi kunywa, hata ukisimama ndani ya maji. Kwa hiyo dalili za kuzama hufanana kabisa na dalili za kiu, na mwenye huruma ndiye auaye upesi zaidi.

Walipolipindua debe, waliona kwamba matundu ya chini yalikuwa yamezibwa na udongo mweusi, ule wa Eastlands ambao hunata kama gundi ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, laini, yenye harufu mbaya. Mzee aliikata yote kwa kisu safi, akaiacha michache iliyokuwa bado myeupe na migumu, akapunguza matawi ili mizizi iliyobaki isilemewe. Kisha alitoboa matundu mapya kwa msumari, akaupanda tena mmea katika mchanganyiko wa udongo, mchanga na mboji. Mbolea hakutia, maana mmea usioota hauna kazi nayo. Mwaka ule asumini haikutoa ua hata moja, lakini mwishoni mwa Agosti ilichipua majani mawili karibu kabisa na udongo.

Jambo jingine alilolitengeneza mzee ni mahali pa debe, na hili wengi hawalifikiri. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi moja na kidogo. Tangu mwishoni mwa Machi hadi karibu na mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na kivuli cha nyumba huangukia kusini. Debe la mama huyo lilikuwa nyuma ya ukuta wa kusini, nalo lilikosa hata lile jua dogo la Julai.

Kwa mimea mingine maneno ni machache. Mshubiri waweza kukaa majuma matatu au zaidi bila tone. Waridi hupatwa na ukungu mweupe kama unga. Yafaa majani yenye ugonjwa yaondolewe, na maji yamwagwe asubuhi katika udongo, si jioni juu ya majani. Nyanya huteswa sana na magonjwa ya ukungu wakati huu, bali sukuma wiki hufurahia baridi, ila vidukari wakaguliwe chini ya majani. Kisahani kilichowekwa chini ya mkebe kisiachwe na maji.

Wako wanaoingiza mimea nyumbani usiku, na hilo si vibaya. Lakini asitokee mtu wa kufunga madirisha na kuwasha jiko la makaa ili chumba kipate joto, iwe kwa ajili ya maua au kwa ajili ya watoto. Hewa ya makaa haina harufu ya kumwonya aliyelala, nayo imekwisha kuua watu.

Kazi ya kupogoa waridi, kubadilisha madebe na kutia samadi yafaa ingoje Septemba, joto likirudi, ili mimea iwe na nguvu kabla ya mvua za vuli. Mmea uliozoea kivuli usitolewe juani kwa siku moja, bali usogezwe kidogo kidogo. Ikifika Desemba jua la adhuhuri litakuwa limehamia kusini, na madebe yatahitaji kuzungushwa tena upande wa pili wa nyumba. Debe lililojaa udongo uliolowa ni zito. Wabebe watu wawili.