Mpira wa mkojo, lakini si kwa mkojo

"Mkojo wangu hauna shida, nesi. Naenda chooni mwenyewe."

Ndivyo alivyojibu mama mmoja wa Tanga, mwenye miaka 29, alipoona mpira mwembamba umewekwa kwenye trei kando ya kitanda chake. Aliujua. Baba yake alitembea na mpira kama huo miezi kadhaa, mfuko ukining'inia ndani ya kanzu, kabla ya kufanyiwa upasuaji wa tezi dume. Sasa nesi anamwambia utapitishwa kwenye mlango wa kizazi ili mtoto azaliwe. Akaukataa.

Mimba ilikuwa imetimiza wiki 41, uchungu haujaja. Mwanamke mwingine angeweza kupewa vidonge vya kulainisha njia. Yeye ana kovu: mtoto wake wa kwanza alitanguliza makalio, akatolewa kwa upasuaji. Vidonge vile vinaweza kukibana kizazi kwa nguvu hadi kovu la zamani liachie, na kizazi kikipasuka, mama na mtoto wote wako hatarini. Kurudi kwenye kisu nako kuliwezekana, wala si aibu. Lakini mama huyu anauza chapati alfajiri, na mara ya kwanza alikaa wiki saba bila kusukuma hata moja.

Daktari wa zamu akavuta kiti akakaa. Jambo dogo, lakini hapo ndipo maongezi yalipobadilika. Alimchorea nyuma ya karatasi: ncha ya mpira ikishavuka mlango wa kizazi, puto lililo kwenye ncha hujazwa maji safi, mililita 30 hadi 60 hivi. Puto hukandamiza mlango taratibu, na mwili wenyewe hutoa kemikali za kuulainisha. Mlango ukifunguka sentimita 3 au 4, puto huteleza na kutoka. Hakuna dawa ndani yake. Madaktari wameutumia kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1960, na Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye mapendekezo yake ya mwaka 2011.

Hakumficha pia kwamba kovu bado linaweza kuachia, ndiyo maana kazi hii hufanyika penye chumba cha upasuaji, mapigo ya mtoto yakipimwa. Na wapo ambao mpira hauwafikishi, wakaishia kupasuliwa.

Alisaini. Kuuingiza kulichukua dakika chache, maumivu yakiwa kama ya hedhi kali. Mpira ukabandikwa pajani kwa plasta, akaachwa atembee ukumbini.

Huko nje hakuna aliyeambiwa kitu. Mama mkwe alisikia tu "amewekewa mpira", akaamini figo zimekufa. Saa ya kuona wagonjwa akaingia na chupa ya chai chini ya khanga, ndani yake mizizi iliyochemshwa.

"Kunywa, mwanangu. Mimi nimezaa saba kwa hii."

Utamkataliaje mama mkwe? Mama huyu alisema ahsante, akaiweka chini ya kitanda, kisha akamnong'oneza nesi. Nesi angeweza kufoka, na wengi hufoka. Huyu alimwamkia bibi, akamketisha kwenye benchi, akamweleza kwamba dawa ile ikileta uchungu mkali, hakuna ajuaye kipimo chake, na kovu ni lile lile ambalo vidonge vya hospitali vimezuiwa kwa ajili yake.

Bibi alinyamaza. Halafu akauliza, "Kwa nini hamkutuambia tangu mchana?"

Nesi hakuwa na jibu. Bibi aliimwaga mwenyewe, chini ya mwembe, mbali na macho ya watu.

Alfajiri, saa kumi na moja, mama yule alipiga kelele chooni. Mpira ulikuwa umeanguka, akadhani ameharibu. Nesi akaja mbio, akaangalia, akacheka: ndilo walilolingojea usiku kucha. Ikapasuliwa chupa ya uzazi, ikafuata dripu ya uchungu iliyodondoshwa pole pole, nesi haondoki karibu. Saa nane mchana alizaliwa binti wa kilo 3.4, kwa njia ya kawaida.

Jioni ile chupa ya chai ilirudi wodini. Ndani yake mlikuwa na uji wa pilipili manga.