Darasa la kwanza la blanketi la viraka: nilichofundisha na nilichoacha

Wengi wenu mnanitafuta kwa habari za viwavijeshi, mbolea na bei ya viazi. Leo naomba mnivumilie, nazungumzia cherehani. Mwaka jana baada ya mavuno, kikundi cha akina mama 14 katika kata yangu hapa mkoani Njombe waliniomba niwaongoze kushona mablanketi ya viraka kwa ajili ya watoto wachanga. Kushona nilikujua nyumbani kabla sijasomea stashahada ya kilimo, kwa hiyo hawakukosea mlango. Na baridi ya huku mnaijua. Mama mwenye mtoto mchanga habembelezwi kununua kitu cha joto.

Fedha ya uzi, bitana na kukodi cherehani ya pili ilitoka kwenye mfuko wao wa hisa. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Fedha ile ile ndiyo wanayokopeshana kununulia mbolea kabla ya kupanda. Tulikuwa na kuanzia katikati ya Julai hadi mapema Septemba, wiki 8, Jumanne na Alhamisi alasiri, yaani vipindi 16. Baada ya hapo kila mtu anarudi kusafisha shamba na hakuna wa kumwita darasani. Kama wiki 8 zingeisha bila blanketi lililokamilika, mfuko ungekuwa umetobolewa na msimu umeingia.

Tena walikwisha kuonja hayo. Miaka michache nyuma alipita mgeni mmoja akawafundisha siku tano kushona vipande vya pembe sita kwa mkono, vile vinavyokunjwa juu ya karatasi. Ni kazi nzuri sana, sisemi vibaya. Lakini mgeni aliondoka, na vipande vile mpaka leo vimo ndani ya mfuko wa rambo kwa mweka hazina, na karatasi zake ndani. Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba alielewa. Hakuna aliyemaliza.

Kwa hiyo mimi sikuanza na kitabu cha mitindo. Nilianza na gunia. Mafundi wawili wa pale senta walikubali kutuuzia mabaki ya vitenge kwa gunia zima, nikalimwaga lote kwenye turubai mbele ya ofisi ya kijiji, tukachambua kama tunavyochambua mbegu. Lundo la kwanza lilikuwa la vipande vyembamba virefu, vile vinavyobaki pembeni fundi akikata gauni. Hilo ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. La pili vipande vya kutosha kukata mraba wa inchi 4 au 5. La tatu vile vya kuzunguka kwapa na shingo, vyenye ukingo wa mviringo, vidogo. La nne, machache, vipande vikubwa. Nawaambia wafanyabiashara wanaotaka kununua mabaki: usinunue gunia lililofungwa mdomo. Omba ulimwage. Gunia lililojaa vipande vya kwapa ni la kujazia mito, bei yake haiwezi kuwa sawa na la vipande virefu.

Kuna uchambuzi wa pili ambao watu huuruka. Vitenge vya siku hizi si vyote pamba. Chomoa nyuzi chache pembeni, zichome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ya plastiki inajikunja, inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Hiyo ya pili tuliitenga, kwa sababu pasi ya mkaa huwezi kuipunguza moto kwa kitufe, na ukiichanganya na pamba kwenye blanketi moja, kimoja kitavutika na kingine kitanywea. Iliyobaki tuliiloweka na kuifua, nyekundu na bluu ya kukoza peke yake, mpaka maji yakatoka meupe. Blanketi la mtoto linafuliwa kila wiki. Kama litatoa rangi, bora litoe kwenye beseni lako kuliko kwa mteja.

Sasa mafunzo yenyewe. Wenzetu Marekani wana blanketi la kujifunzia ambalo kila mraba wake umeshonwa kwa mbinu tofauti. Sisi tuliliita blanketi la sampuli, na ile miraba tukaiita vitalu, kwa sababu nilipowaeleza kwamba ni kama shamba darasa, ambapo kila kitalu kina somo lake na mwisho unalinganisha, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Nilipanga vitalu 6 kwa kila mtu, kila kimoja inchi 12 kwa 12 kikishaunganishwa. Viwili kwa vitatu vinakupa inchi 24 kwa 36. Ukizungushia ukanda wa inchi 3 unapata 30 kwa 42, na kwa chini inatosha yadi moja ya kitenge, maana upana wake ni kama inchi 44. Kwa nini si 12, kama yale makubwa? Piga hesabu. Watu 14 mara vitalu 6 ni 84. Kimoja kati ya sita kinashonwa kwa mkono, kwa hiyo vya cherehani ni 70. Vipindi vinne vya mwisho niliviacha kwa ajili ya kumalizia, vikabaki 12, na cherehani mbili: kila cherehani ilitakiwa kutoa vitalu vitatu kwa alasiri moja. Hiyo inawezekana. Vitalu 12 kwa kila mtu visingeisha kabla ya msimu kuingia.

Somo la kwanza lilikuwa kitalu cha mistari. Vipande vinne vya inchi 3 na nusu kwa 12 na nusu, unaviunganisha ubavu kwa ubavu, basi. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima ambaye ameshona sare za shule miaka mingi, aliniangalia akasema, "Bibi shamba, sisi ni wa kufundishwa mistari kama chekechea?" Nikamwambia, "Mama, nivumilie leo tu. Shona, halafu tupime." Tukapima. Vitalu 14, na karibu kila kimoja kilikuwa na kipimo chake.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo penye blanketi lote. Mshono wa viraka unaacha robo inchi pembeni, si nusu kama wa gauni. Tuseme mtu anakula zaidi kwa mstari mmoja mdogo kabisa wa rula, ile sehemu moja ya 16 ya inchi. Ni unene wa ukucha. Lakini kila mshono unaunganisha vipande viwili, kwa hiyo unapoteza mara mbili. Kitalu cha mistari kina mishono mitatu, kitatoka inchi 12 na moja ya nane badala ya 12 na nusu. Kitalu cha drafti, cha miraba tisa, kina mishono miwili kwa upana, kitatoka 12 na robo. Kitalu cha nyumba ya magogo kina minne, kitatoka 12 kamili. Mtu mmoja, mkono mmoja, kosa moja, na vitalu vitatu visivyolingana. Ukija kuviunganisha, ama unavuta ama unakunja, na blanketi linakuwa na matuta. Kwenye gauni kosa hilo linajificha kwenye mwili. Kwenye blanketi halina pa kujificha.

Dawa yake ni rahisi. Teremsha sindano, pima robo inchi kwenda kulia, bandika plasta ya kidonda kwenye bamba la cherehani, mbili au tatu juu ya nyingine ili ziwe ukuta. Kitambaa kinatembea kikigusa ukuta. Usiamini upana wa mguu wa cherehani, cherehani zetu mbili tu hazikulingana. Mwenyekiti alishona kitalu cha pili kikatoka 12 na nusu, akakaa kimya, akaenda kubandika plasta kwenye cherehani yake ya nyumbani.

Drafti ilikuwa ya pili: miraba tisa ya inchi 4 na nusu. Jipya hapo ni kukutanisha pembe. Unapiga pasi mshono wa mstari wa kwanza kwenda kulia, wa pili kwenda kushoto, ukivilaza pamoja mishono inashikana yenyewe kama vidole. Halikuchukua muda.

Ya tatu ilikuwa pembetatu. Hapo wengi hukata pembetatu kwanza kisha wakashona, na kitambaa kilichokatwa kwa mshazari kinavutika kama ugali wa moto. Sisi tuliweka miraba miwili ya inchi 7 uso kwa uso, mweupe na wa giza, tukachora mstari toka pembe hadi pembe, tukashona robo inchi kila upande wa mstari, ndipo tukakata katikati. Unapata miraba miwili yenye rangi mbili, unaipunguza iwe 6 na nusu. Minne inafanya kitalu.

Kisha ukaja mgogoro wa nyota. Wao walitaka nyota. Walikuwa wameona blanketi la nyota ya ncha nane kwenye simu ya binti wa mmoja wao, na walisema kweli: nyota inauza. Lakini nyota ile ni ya vipande vya almasi, vyote vina ukingo wa mshazari, na vinane vinakutana katikati kwenye nukta moja. Ndiyo ile ile hadithi ya pembe sita na mfuko wa rambo. Nilikataa, na siku ile tuliachana kwa ubaridi kidogo. Kipindi kilichofuata nilikuja na kitalu cha nyota kisicho na almasi hata moja. Chukua drafti ya miraba tisa. Ule wa katikati uwe wa giza, wa pembeni minne iwe myeupe, na ile minne iliyobaki iwe ya pembetatu, iliyotokana na miraba ya inchi 5 na kupunguzwa hadi 4 na nusu. Ukiipanga ikizunguka upande mmoja, nyota inatokea, ya ncha nne. Mbinu mpya haimo ndani yake. Ni somo la pili na la tatu yamekaa pamoja.

Nyumba ya magogo niliichagua kwa sababu ya lile lundo kubwa. Katikati mraba wa inchi 4 na nusu, halafu unazungusha vipande vya inchi 2 na nusu, kimoja kimoja, raundi mbili. Niliwaonyesha picha za mablanketi ya Gee's Bend, Alabama, ambako akina mama weusi, wakulima wa pamba, walishona vizazi kwa vizazi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 2002 yalionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa Houston, na mwaka 2006 yakachapishwa kwenye stempu za Marekani. Mengi yake ni mistari na miraba iliyozungushwa namna hii. Mama mmoja alisema, "Kumbe haya hata sisi tunayo kwenye gunia."

Cha sita ni ua la kushonea juu kwa mkono. Sababu yangu kubwa haikuwa uzuri: cherehani mbili, watu 14, wengine 12 wafanye nini? Waliokuwa wakisubiri zamu walishona maua, na vile vipande vya kwapa vyenye mviringo vikapata kazi.

Kumalizia hatukutia mishono ya mapambo, maana blanketi nene haliingii vizuri chini ya mkono wa cherehani ya miguu. Katikati tuliweka blanketi kuukuu lililofuliwa, tukapiga bandi tabaka zote tatu, tukafunga mafundo ya uzi mzito kila baada ya inchi 4, tukazungushia pindo.

Kufika kipindi cha mwisho 11 walikuwa wamemaliza. Wawili walimalizia nyumbani mwezi huo huo. Mmoja alijifungua katikati ya mafunzo, wenzake wakamshonea vitalu vilivyobaki, na blanketi lake halikufika gulioni. Saba yaliuzwa gulio la kwanza, fedha ya mfuko ikarudi kabla ya mbolea kununuliwa.

Mwaka huu tunaanza tena Julai. Kikundi kingine kikitaka kujiunga, kije na rula ya inchi, mkasi unaokata, na gunia lililokwisha kumwagwa. Mweka hazina ameuliza kama ule mfuko wa rambo alete. Nimemwambia alete. Wapo watano sasa ambao nadhani wanauweza.