Ya DJ ama Safi?

Kinyozi wetu pale Kisauni, Mombasa, ana televisheni kubwa ukutani, intaneti ya kulipia kila mwezi, na akaunti ya Netflix ambayo sisi vijana wa maskani tunaichangia. Pesa tunachanga pamoja. Macho kila mtu ana yake. Mmoja anataka damu iruke mpaka ichafue kioo. Mwingine akiona kisu anageuza kiti. Wa tatu hana neno, mradi staring awe na misuli na asife. Mara nyingi usiku unaishia kwenye orodha: picha zinapita, rimoti inahama mikono, saa ya kufunga inafika, hakuna kilichotazamwa. Kwa hivyo waliposikia naenda Nairobi, mji ambao sikuwa nimeukanyaga, hawakuniagiza viatu wala simu. Waliniagiza nikawaulize watu wa huko ni filamu gani za mapigano zinazostahili kukeshewa.

Nilipanda Madaraka Express asubuhi pale Miritini. Tulipofika Tsavo behewa zima lilihamia upande mmoja kutafuta ndovu, na mzee aliyeketi mkabala nami akawataja simba wa 1898, wale waliowala wajenzi wa reli ya kwanza. Nikamwambia kuna filamu yao, The Ghost and the Darkness ya 1996, Michael Douglas na Val Kilmer na bunduki zao. Akauliza kama ilipigwa hapa. Ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya mengi shingoni, ilhali wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Mzee akasonya. "Basi hao ni simba wengine," akasema, akarudi kutazama nyika.

Syokimau tukashuka, tukabadilisha treni, tukaingia mjini.

Nairobi nilikuwa nikiijua kwa filamu moja, Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, iliyotoka 2012. Kijana Mwas anauza DVD za mapigano kijijini, na ili wateja wanunue huwaigizia vipande vyake kwa mbwembwe. Anafunga safari kuja kuwa mwigizaji, na siku ya kwanza mjini anaporwa alichobeba chote. Ndiyo maana nilitoka stesheni nimekumbatia begi kifuani. Mtoto wa mjomba alikuwa ananingoja nje, akaangua kicheko. "Ukilishika hivyo si unawaambia kuna kitu ndani?" Akalichukua, akalitundika begani kama la unga, tukaondoka.

Tulipanda na Moi Avenue. Jengo la Kenya Cinema lipo, jina lipo. Odeon nayo, huko chini karibu na Tom Mboya, wengi wa rika la binamu yangu wanaijua kama stegi tu. Makanga wanaita jina la sinema mchana kutwa bila kuwaza picha yoyote. Anayetaka skrini kubwa siku hizi huifuata ndani ya majengo ya maduka, kama Prestige kwenye Ngong Road, na tikiti moja huko ni hesabu ambayo mtu wa Kawangware huipiga mara mbili. Wengi wasio na hela ya sinema wala bando la kutosha huenda River Road.

River Road ndiko ilikozaliwa Riverwood, ile biashara ya filamu za bei nafuu, nyingi zikiwa za vichekesho vya Kikikuyu. Duka alilonipeleka binamu lilikuwa upana wa mlango wake: kompyuta moja, kijana mmoja, kuta zimefunikwa kwa mabango mpaka dari. Unampa fleshi, unamwambia unachotaka, anakujazia. Ni wizi wa kazi za watu, hilo halina mjadala, na sikuja kulitetea. Lakini nilipomwambia nataka ekshen nzuri aliniuliza maswali ambayo kile kinyororo cha picha kwenye skrini ya Kisauni hakijawahi kutuuliza.

"Ya DJ ama safi?"

Safi ni ile isiyoguswa, sauti zake zenyewe. Ya DJ ni ile iliyowekewa msimulizi juu yake.

"Ya mangumi, ya chuma ama ya visu?"

Nikasita. Akaendelea bila kuniangalia: "Unatazama peke yako ama kuna wazazi?"

Huyu bwana mdogo, nilijisemea, ndiye mhakiki wa filamu. Kwa maswali matatu alikuwa ameshapanga ugomvi wetu wote wa maskani kwenye rafu zake.

Kuhusu hao DJ lazima niseme zaidi, kwa sababu nimelelewa nao. Anayejulikana kuliko wote Kenya ni DJ Afro, ambaye sauti yake imezunguka mabanda ya video, matatu na simu kwa miaka mingi. Anachukua filamu ya Hong Kong au ya Marekani na kuisimulia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng: anawapa wahusika maneno ambayo hawakuyasema, anamkejeli adui, anamwonya staring, anakukumbusha nani alimwua baba ya nani. Uganda wanao VJ wao, na Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa za mfukoni, toleo lililoenea duniani lilikuja na VJ Emmie akipiga kelele ndani yake kama mtangazaji wa mpira. Japani enzi za filamu bubu walikuwa na benshi, waliosimama kando ya pazia wakisimulia, na baadhi yao walipendwa kuliko waigizaji.

Watu waliosoma huwacheka hawa DJ. Mimi naona wanafanya kazi nzito. Katika banda la video kuna mtoto wa shule, kuna mbeba mizigo, kuna mzee aliyekimbia jua. Damu inapomwagika, sauti ya DJ huingia katikati yako na jeraha. Anatia mzaha, na jeraha linakuwa hadithi. Mwenye moyo mwepesi anacheka, mwenye uchu wa damu anaona damu yake, na benchi ni lilelile. Uliyebaki na simu na vizibo masikioni, hakuna anayekukinga wala anayekuchagulia. Si ajabu tunazunguka kwenye orodha mpaka kinyozi anazima taa.

Pale River Road sikununua kitu. Tulipanda matatu ya 46, tukapita Valley Road, Hurlingham, Yaya, halafu Lavington na kuta zake ndefu zenye maua na nyaya za umeme. Kisha barabara ikabadilika ghafla: mabati, moshi wa mahindi, bodaboda, nguo za mitumba juu ya turubai. Kawangware. Mjomba anakaa karibu na stegi ambayo nayo yaitwa 46, vyumba viwili ghorofa ya tatu, na jambo la kwanza alilonionyesha baada ya salamu lilikuwa televisheni.

Mjomba ni fundi wa friji, na mapenzi yake ni kwa filamu moja: Commando, ya 1985. Arnold Schwarzenegger, binti aliyetekwa, kisiwa kizima cha maadui wanaorushwa hewani na mabomu huku risasi zao zote zikimkwepa yeye. "Hii ndiyo picha," alisema. "Mtu anakufa, anaanguka, kwisha." Binamu yangu akamwita Baba wa makumbusho. Yeye anatazama za Indonesia. Alinieleza The Raid ya 2011 kwa mikono yote miwili: jengo refu la Jakarta, kikosi cha polisi kinapanda ghorofa kwa ghorofa, na Iko Uwais anapigana silati huku kamera ikimfuata bila kuficha kitu. Hapo namuunga mkono. Gareth Evans, aliyeiongoza, anakuonyesha miguu, ukuta, mlango, hata ukajua kila mtu yuko wapi. Filamu nyingi za bajeti kubwa hukatakata pambano mpaka unaona viwiko tu. Lakini binamu hakuishia hapo. Alitaka tutazame The Night Comes for Us, ya 2018, ambayo ina pambano ndani ya bucha na karibu kila kitu kinachoning'inia kinatumika.

"Hiyo haiwashwi hapa," Anti akasema kutoka jikoni.

Anti ni mke wa mjomba, mtu wa Vihiga, na si mwoga wa picha. Amemaliza John Wick zote pamoja na mjomba. Zile maiti zinazoanguka moja baada ya nyingine, wala hasiti kutafuna. Anachokataa ni panga. Risasi za kwenye televisheni, alinieleza huku akikunja chapati, ni kelele na moshi, hazimkumbushi mtu. Panga analijua. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, alilala na watoto chini ya kitanda katika mtaa huuhuu, na Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, vijana walipita tena kwenye vichochoro hivi na mapanga mikononi. "Mwanangu, mimi nikiona panga kwa muvi, sioni muvi."

Bodi ya kuainisha filamu ina alama zake: GE ya wote, PG, 16, 18. Mwaka 2014 iliipiga marufuku The Wolf of Wall Street, filamu ya madalali wa hisa. Hakuna alama hata moja inayoweza kumwambia Anti kama kuna panga. Mjomba ndiye bodi yake. Commando ina kibanda cha vifaa vya shamba ambamo Schwarzenegger anashika mapanga na mashoka, na kila mara kibanda kinapokaribia mjomba hukohoa. Anti anaenda kuangalia chai.

Asubuhi yake binamu alinitembeza. Tulifuata James Gichuru Road mpaka Waiyaki Way, tukaingia Westlands, na mbele ya jengo la maduka la Westgate akapunguza mwendo. Alikuwa mtoto wa shule Jumamosi ile, 21 Septemba 2013, magaidi walipowaua watu 67 humo. Juu kwenye maegesho watoto walikuwa na shindano la upishi. Anakumbuka siku nne za moshi kwenye televisheni. Yeye huyu anayependa bucha la Indonesia aliniambia hawezi kumaliza filamu yenye bunduki ndani ya maduka. Nikamwuliza kuhusu Police Story ya Jackie Chan, ya 1985, ambayo mwisho wake wote ni ndani ya duka kubwa la Hong Kong, vioo vinavunjika kwa wingi hata wapigaji wenyewe wakaipa jina la utani Glass Story. Akafikiri. "Hiyo sawa," akasema. "Pale Jackie ndiye anaumia." Sijasoma uhakiki mfupi na wa kweli kuliko huo.

Usiku huo nikaomba nafasi ya kuchagua mimi. Nilichagua Eye in the Sky, ya 2015, kwa kuwa haina panga na kwa kuwa hadithi yake ni ya Nairobi. Magaidi wako kwenye nyumba moja Eastleigh; Helen Mirren yuko Uingereza, rubani wa droni yuko Marekani, na nje ya ukuta wa nyumba hiyo msichana mdogo ameweka meza anauza mikate. Makombora mawili tu katika filamu nzima. Dakika nyingi zinazobaki ni watu kwenye simu wakiulizana nani atoe ruhusa.

Mjomba alianza kwa kunung'unika kwamba wanaongea sana. Kisha Barkhad Abdi, jasusi wa chini kwa chini, akatumwa kuinunua mikate yote ili mtoto aondoke, na chumba kikageuka banda la video. "Mpe hela upesi!" Anti alipaza sauti. "Mwambie ubaki na chenji!" Binamu alikuwa akisimulia mbele kwa sauti ya DJ, akiwabatiza majenerali majina ya madiwani wa mtaa. Jirani alibisha hodi kuuliza kuna nini, akapewa kiti. Kombora la kwanza lilipotua hakuna aliyesema kitu, na la pili Anti hakulitazama. Alikuwa ameinamia kanga yake. Kwa hesabu ya maiti hiyo ni filamu pole kuliko nyingi tulizozitaja. Kwa uzito sikumbuki nyingine, na ndiyo niliyoiweka juu kwenye orodha ya maskani, The Raid ikiifuata.

"Hiyo si Eastleigh," jirani akasema majina yalipoanza kupanda. Alikuwa sawa, nayo ilipigwa Afrika Kusini. Mjomba akaona hapo ndipo penye mwanya. Akaichukua rimoti, akaanza kuandika herufi moja moja, C, O, M, na Anti akasimama na sufuria mkononi akimwambia leo asikohoe tu, amwite kwa jina kibanda kikishapita, maana mara ya mwisho alirudi mapema.