Kidonda cha Kisiginoni

Nilianza kazi ya kuhudumia wazee Scarborough, mashariki ya Toronto, majira ya baridi ya 2009. Alfajiri, theluji ikinifika vifundoni, nilipanda basi namba 54 la Lawrence East kwenda kumwogesha mzee wa watu.

Mmoja wa wazee hao alikuwa bibi wa Tanga, kwetu. Mwanawe alinipokea mlangoni na kumjibia kila swali: mama amekula, mama amelala vizuri. Siku nilipomvua soksi nilikuta kisigino kimeiva, cheusi katikati. Kidonda cha kulalia huja kwa mtu kuachwa upande uleule saa nyingi, bila wa kumgeuza.

Nilifunga mlango wa bafu, nikafungulia maji.

"Shikamoo, Bibi. Usiku nani anakugeuza?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna. Lakini usiseme, ni mtoto wangu yule."

Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kadi ya benki inakoingia pensheni yake anayo mwanawe, na yeye bibi hana hata hela ya sabuni.

Nilinyamaza wiki nzima. Nimelelewa kusitiri mambo ya nyumba za watu, na niliona haya kumsema kijana wa kwetu. Wiki hiyo kidonda kilipanuka. Kimya changu kilimuumiza yule bibi, na hilo silisahau.

Katika makao ya wazee ya Ontario, sheria inamlazimisha mfanyakazi kuripoti mateso. Nyumbani kwake, mzee mwenye akili timamu ndiye mwenye kauli. Basi nilimrudia, nikamweleza njia zilizopo. Kuitiwa polisi alikataa, kuitiwa muuguzi alikubali. Niliandika tarehe, upana wa kidonda, rangi yake, na maneno ya bibi kama alivyoyatamka, nikampigia msimamizi wangu. Muuguzi alikuja, kisha msaidizi wa usiku. Kadi ikarudi mkononi mwa mwenyewe. Mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi mbili, alilia mbele yetu. Uchovu wake ulikuwa wa kweli. Kidonda nacho kilikuwa cha kweli.

Mei 2020, wanajeshi waliopelekwa kusaidia makao ya wazee ya Ontario wakati wa korona walitoa ripoti kuhusu makao 5, mojawapo la hapa Scarborough. Waliandika juu ya wazee waliolazwa wiki nyingi bila kuinuliwa, na vidonda vya kulalia. Niliisoma nikiwa nimevaa sare ya kazi, nikakiona tena kile kisigino.

Ewe msomaji, ukienda kumwamkia mzee, iwe Scarborough au Tanga, usitosheke na majibu ya mlangoni. Mwombe ruhusa umtazame miguu. Kaa naye peke yake, umuulize anakula nini, pesa zake anazo nani, usiku anageuzwa na nani. Akikujibu, usingoje wiki kama nilivyongoja mimi.