Steringi Asiye na Mzigo

Mwaka 2004 nilikuwa darasa la tano, na mtaani kwetu Isevya, Tabora, dishi lilikuwa moja tu, kwa jirani muuza vipuri vya baiskeli. Jioni tulijazana sebuleni kwake, miguu tumenawa kwanza kwa amri ya mkewe, tukiisubiri katuni ya Samurai Jack.

Kwenye vibanda vya video, filamu za kigeni zilikuwa na wa kuzitafsiri. Sauti ya Lufufu, mmoja wao, tuliijua kuliko ya mwalimu wetu. Katuni hii haikumhitaji. Genndy Tartakovsky, aliyeibuni mwaka 2001, alimfanya Jack mtu wa maneno machache: upepo, nyasi, hatua za viatu vya mbao, kisha upanga. Kimombo chetu kibovu hakikutuumbua. Maneno tulitunga wenyewe. Aku, lile zimwi jeusi lililomtupa Jack, mwana wa mfalme, katika zama za mbele, tulimpa lafudhi ya pwani. Jack akamjibu Kinyamwezi.

Likizo moja bibi akaja kutoka Urambo. Akaketi nasi, akatazama kimya hadi mwisho, ndipo akauliza:

"Mjukuu wangu, huyu yuko safarini siku zote. Mzigo wake uko wapi?"

Tulicheka. Nikamweleza kwamba steringi habebi mzigo.

"Basi yuko anayembebea. Hamjaonyeshwa tu."

Babu yake bibi alikuwa mpagazi. Alikwenda Bagamoyo kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Frasila mbili, kama kilo 32, ndio uliokuwa mzigo wa mwanamume. Enzi hizo kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alihesabiwa mtoto bado. Bibi hakumsifia nguvu wala ushujaa. Alisema tu kwamba alirudi, na kurudi kwao ndiko kulikomshinda Jack.

Mimi shujaa wa kwetu nilimjua mmoja, Mirambo: mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara, akawatoa jasho Waarabu wa Tabora, na Stanley, msafiri Mzungu aliyewahi kupigana upande wao, mwaka 1876 akachanjiana naye udugu. Rugaruga, askari wake, niliwaona kama Jack mmoja aliyezidishwa mara elfu. Baada ya swali la bibi nikaanza kuulizia baruti yao ilibebwa na nani. Shule ilipotupeleka Kwihara, kwenye tembe la mmisionari Livingstone, nilichokumbuka ni kwamba mwaka 1872 mzee yule alikwama pale miezi mitano akiwasubiri watu ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Bila wao hakuwa na pa kwenda.

Mwaka 2017 katuni ilirudi, baada ya miaka 13. Niliitazama kwenye simu, ndani ya treni ya reli ya kati. Jack alikuwa na ndevu na pikipiki, upanga umempotea. Ungedhani bodaboda wa Urambo.

Sasa anaitazama mwanangu, na Kiingereza anakielewa chote. Juzi nilizima sauti, nikamwambia amsemeshe Aku mwenyewe. Akanishangaa kidogo. Halafu akakohoa, akaanza kwa sauti ya konda wa stendi:

"Kaka, nauli! Na mzigo wako uko wapi, tuutoze?"